Nafuu ya Mchukuzi: Starehe Kando ya Bwawa

Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Methali hii hutumiwa kuonyesha kwamba hasara ya mmoja huweza kuwa faida ya mwingine. Swali linalofuata huulizwa mara chache: je, mchukuzi aliyepata nafuu anadaiwa chochote na mwenye mali? Hakulitoboa pakacha, wala hakuiba. Alitembea tu, na mzigo ukapungua.

Swali hilo huonekana wazi zaidi mahali watu wanapopumzika kando ya bwawa. Mto Liuxi unaanzia katika milima ya Conghua, kaskazini-mashariki mwa jiji la Guangzhou, na kuteremka hadi kwenye maji ya Mto Zhujiang. Mwaka 1958 ulikamilika huko ukuta wa zege wenye umbo la upinde na kimo cha mita 78. Nyuma yake bonde likajaa maji, na vilele vya vilima vikabaki kuwa visiwa. Leo eneo hilo ni hifadhi ya taifa ya msitu. Wakazi wa jiji huenda huko majira ya baridi kutazama maua meupe ya miplamu. Na huko chini, kandokando ya mto, familia hutembea na kuendesha baiskeli siku za mapumziko. Hata mfanyabiashara wa Afrika Mashariki aliyechoshwa na pilikapilika za Xiaobei anaweza kwenda huko akapumua. Raha hiyo si anasa. Mtu afanyaye kazi anastahili kupumzika, na maji yametuliza nyoyo tangu kale.

Mwanafalsafa Mengzi, wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alilitafakari jambo hili. Katika kitabu chenye jina lake, Mfalme Hui wa Liang amesimama kando ya bwawa lake akitazama ndege na kulungu, naye anauliza kama watu wema nao hufurahia vitu kama hivyo. Jibu la Mengzi ni kwamba wema peke yao ndio wanaoweza kuvifurahia kwa kweli, kwa kuwa huifurahia raha hiyo pamoja na watu wao. Kwingineko analinganisha bustani mbili za wafalme. Iliyo kubwa zaidi wananchi waliiona ndogo, maana waliruhusiwa kuokota kuni na kuwinda humo. Iliyo ndogo waliiona kubwa mno, maana aliyeua kulungu humo aliadhibiwa kama aliyeua mtu.

Kwa kipimo hicho, kingo za Liuxi zinafaulu: tajiri na kibarua wanatembea njia moja. Lakini kipimo cha Mengzi kina upungufu. Kinawahesabu waliopo tu. Bwawa lina watu wengine, wale waliolazimika kuondoka ili maji yapate mahali pa kukaa. Katika jimbo hilohilo la Guangdong, bwawa la Xinfengjiang lilianza kujazwa mwaka 1959, na watu wapatao laki moja wakahamishwa. Siku hizi ziwa lile huitwa Wanlü, jina lenye maana ya kijani kisichohesabika, na watalii hulizunguka kwa mashua. Jina linasifu kinachoonekana juu ya maji. Kilicho chini yake halikitaji.

Kiswahili nacho hakina budi kujihoji. Neno moja, bwawa, hutaja dimbwi lililoletwa na mvua na ziwa lililoundwa kwa amri ya serikali. Ukuta umefichwa ndani ya neno, na aliyehamishwa amefichwa pamoja nao.

Wala jambo hili si la China peke yake. Karibu na Jinja, nchini Uganda, maporomoko ya Bujagali yalikuwa mahali patakatifu pa Wasoga, makao ya mzimu wa Budhagaali. Tangu miaka ya 1990 yalikuwa pia uwanja wa watalii walioshuka Mto Nile kwa mashua za mpira. Bwawa lililokamilika mwaka 2012 liliyazamisha. Watalii walisogea chini ya mto, hadi bwawa la Isimba, lililojengwa na kampuni ya Kichina na kuzinduliwa mwaka 2019, lilipomeza sehemu ya mikondo iliyobaki. Hapo ndipo tofauti inapodhihirika. Mtalii akipoteza mchezo, hutafuta mto mwingine. Mwenye mzimu hawezi kutafuta mzimu mwingine. Na bado ziwa jipya lina uzuri wake, na wapo wanaokunywa chai kando yake bila kujua walichokalia.

Yupo atakayepinga kwamba, kama kila raha ingedai hesabu, hakuna ambaye angepumzika; tena bwawa huleta taa na maji hata kwa wajukuu wa waliohamishwa. Hoja hiyo ina uzito, na kumtwika hatia mtoto anayeendesha baiskeli ni upuuzi. Lakini aisifuye mvua imemnyea. Anayelisifu bwawa kwa niaba ya waliohamishwa, ilhali yeye halikumgusa ila kwa umeme na mandhari, anashuhudia asichokijua.

Deni la mchukuzi, basi, si hatia. Hatia humfaa aliyelitoboa pakacha. Mchukuzi anadaiwa ukweli: afikapo, amwambie mwenye mali kwamba mzigo umepungua, na kwamba yeye ndiye aliyepata nafuu. Kwa mtu aliyekaa kando ya bwawa, ukweli huo una sura mbili. Kwanza, majina ya vijiji vilivyozama yaandikwe pale wageni wanapoingilia, kama yanavyoandikwa majina ya maua. Pili, ukuta mwingine unapopangwa, aliyefaidi ule wa kwanza asiwe wa mwisho kuuliza nani atahama, na kwa masharti ya nani.

Mengzi alimtaka mfalme aigawe raha yake na watu waliopo. Mwenye kupumzika kando ya bwawa anatakiwa kuwahesabu na wasiokuwepo. Asipowahesabu, bustani yake itafanana na ile ndogo ya mfalme wa pili: milango i wazi, lakini kuna ambao hawawezi tena kuingia.