Mlango Usiolipiwa

Watu wengi hupima thamani ya kitu kwa bei yake. Kilichotolewa bure hudhaniwa kuwa hafifu, na kilichonunuliwa ghali huheshimiwa. Kipimo hicho hufaa sokoni. Lakini je, chafaa pia katika nyumba ambamo urithi wa wanadamu umehifadhiwa? Swali hili lilinijia nikiwa ugenini, mfukoni nikiwa na fedha kidogo, na tangu siku hiyo halijaniacha.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa Ruiru na ninafundisha Thika. Miaka michache iliyopita nilikwenda London kwa mafunzo ya majuma 6. Posho yangu ilikuwa ndogo, na kila bei niliyoiona niliigeuza kwanza kuwa shilingi, kisha nikaiogopa. Nilitembea kwa miguu ili kuokoa nauli, na chakula changu cha mchana kilikuwa mkate na ndizi. Jumamosi moja nilifika mbele ya nguzo kubwa za Makumbusho ya Uingereza. Nilisimama nje kwa muda, nikihesabu sarafu zangu. Bawabu aliponiona nikisitasita aliniambia kwamba hapana kiingilio. Nyumba ile iliasisiwa mwaka 1753 na kufunguliwa mwaka 1759, na maskini huingia humo kwa hatua zile zile za tajiri. Huo ni wema, na wema hustahili kusifiwa.

Ndani niliona jiwe la Oldupai, lililochongwa kiasi cha miaka milioni 1.8 iliyopita. Liliokotwa katika msafara wa mwaka 1931 ulioongozwa na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, mahali pasipo mbali na kwetu. Nilikuwa nimevuka bahari ili kutazama kitu cha jirani! Bibi mmoja mzee aliyesimama kando yangu aliniuliza nitokako. Nilipomwambia, aliuliza tena kwa upole, "Na huko Nairobi, katika makumbusho yenu, mmeweka nini?" Nilitabasamu, nikasema kwamba viko vingi. Ukweli ni kwamba sikujua. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuingia humo.

Nilipokuwa nikitoka niliona sanduku la michango, na mkononi nilikuwa na sarafu ya pauni 1. Hapo mawazo mawili yalishindana. La kwanza lilisema: umekaribishwa, umeelimishwa, wako watu wanaofagia na kulinda, alaye karamu na asitoe hata shukrani ni mchoyo. La pili lilisema: kumbuka ngadji. Hiyo ni ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa wakati wa ukoloni, na tangu mwaka 1908 imo mikononi mwa nyumba ile ile. Kwa miaka mingi imekaa ghalani, hata mtazamaji wa kawaida hawezi kuiona. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1963 huwazuia wadhamini, isipokuwa kwa sababu chache, kutoa vitu walivyo navyo. Basi mlango huu ni wa bure kwa nani? Mtoto wa Mto Tana haombwi senti mlangoni. Lakini ili aufikie mlango huo yampasa kupata nauli ya ndege ambayo jamaa zake hawana. Kwake yeye, kilicho bure ni ghali kupita vyote.

Nilitumbukiza sarafu. Niliitoa kwa ajili ya mfagizi na bawabu, wala sikuitoa kuwa hati ya kuridhia. Nilitambua kwamba shukrani haifuti dai. Mtu aweza kumshukuru jirani kwa maji aliyompa, na papo hapo kumkumbusha jembe alilolichukua. Asiyeshukuru hana adabu. Lakini anayedhani kwamba akishukuru hana ruhusa tena ya kudai, huyo ameuza haki yake kwa kikombe cha maji.

Walakini aibu ya swali la yule bibi ilibaki. Wengine watasema kwamba asiyekijua kitu chake hana haki nacho. Sikubali: mwenye shamba halipotezi shamba kwa sababu hajalilima. Lakini sauti yake barazani huwa dhaifu, maana akiulizwa mipaka, hawezi kuionyesha. Fimbo 3 za Koitalel Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1905, zilirudi Kenya mwaka 2006. Hazingerudi kama kila mtu angekuwa amezisahau.

Niliporudi, safari yangu ya kwanza ilikuwa ya matatu, kutoka Ruiru hadi Nairobi. Nililipa kiingilio cha mwananchi, nikasimama mbele ya mifupa ya kijana wa Nariokotome, aliyekufa kiasi cha miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye kipande chake cha kwanza kiligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Muhula uliofuata niliwapeleka wanafunzi wangu. Na kwa wale waliokosa nauli, tulikwenda kwa miguu hadi mahali uliposimama mugumo wa Thika. Wazee husimulia kwamba Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa mti huo ukianguka, utawala wa wageni utakwisha. Nao ulianguka mwaka 1963. Wengi wa watoto wale walikuwa wamepita hapo mara nyingi, wasijue.

Basi, msomaji kijana, usipime urithi kwa bei ya mlango, wala usidhani ni wako kwa kuwa u karibu nao. Uingie, uutazame, uujue. Na siku mzee atakapokuuliza kwenu mmeweka nini, usijibu kwa tabasamu kama nilivyojibu mimi.