Ya Kukimbia ama ya Kutembea?

Muuzaji wa mitumba hapa Eldoret aliniuliza swali moja tu: "Boss, kiatu ya kukimbia ama ya kutembea?" Nikajibu haraka, "Ya kukimbia." Ukweli ni kwamba sijakimbia tangu nilipoacha chuo. Nilitaka tu anione mkimbiaji. Katika mji huu, kusema unatembea ni kama kukiri kosa.

Rafiki yangu akaniambia kununua kifaa cha mtu unayetaka kuwa ni uongo. Nimeshindwa kumkubalia, na sababu ni Philip Boit. Huyu ni mtu wetu, mkimbiaji wa mita 800 aliyepelekwa Finland kujifunza skii kwa udhamini wa Nike. Theluji alikuwa hajawahi kuiona.

Sasa angalia vifungo vya kiatu. Skii za masafa marefu hushika ncha ya kiatu tu. Kisigino kinabaki huru, kiinuke kama cha mkimbiaji. Wanaoteremka milima kwa kasi hufungwa mpaka kisigino. Watu wa snowboard hufungwa miguu yote miwili kwenye ubao mmoja, wamesimama kiupande. Ndiyo maana kabla ya kununua unaulizwa: wewe unaenda vipi? Boit angejibu nini? Hakuwa na mwendo wowote juu ya theluji. Ilibidi avae kwanza, mwendo uje baadaye.

Kwa hiyo uongo wangu haukuwa kwenye kiatu. Nagano, 1998, kilomita 10, Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika kama 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngoja pale mwisho akamkumbatia. Watu hupenda kusimulia hilo kumbatio. Mimi nazifikiria zile dakika 20. Dunia nzima ilimwona akiwa mbovu katika kitu alichokivalia, na 2002 akarudi tena. Mimi viatu vyangu vilikaa wiki tatu chini ya kitanda, vikiwa safi kabisa.

Jumamosi nikavivaa, saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Iten. Sikumaliza dakika nne. Nilikuwa nimeinama, mikono kwenye magoti, kundi la wakimbiaji likipita, mmoja akaangalia miguu yangu.

"Pole pole, buda," akasema. "Viatu ni poa."