Kuhani Alingoja Siku Saba

Neno: Walawi 13:4-6; Luka 17:11-14



Baada ya maombi ya wagonjwa kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Pasta, nimeombewa na nasikia vizuri. Sasa niache dawa?"

Twende Walawi. Mtu ameletwa kwa kuhani, ana alama nyeupe kwenye ngozi. Haijulikani kama ni ukoma. Mungu hakumwambia kuhani akisie. Alimwambia amtenge siku 7, amwangalie tena. Kama alama haijaenea, siku 7 zingine.

Hebu tupige hesabu. Akimtenga siku 14 na kumbe hana ukoma, mtu amepoteza wiki mbili. Akimwachilia haraka na kumbe anao, kambi nzima iko hatarini. Makosa ni mawili, lakini bei si moja. Pale usipojua, epuka kosa lisilorudishika.

Leta hesabu hiyo nyumbani. Unameza dawa za presha na kipimo kimeshuka. Huenda kimeshushwa na dawa hizo hizo! Presha inaweza kupanda tena bila kukuuma popote, hadi siku ya kiharusi. Naye anayetumia ARV akiambiwa virusi havionekani kwenye kipimo, maana yake dawa imevikandamiza, si kwamba vimekwisha. Akiacha, vinarudi. Sasa jiulize: ukiendelea na dawa hadi siku ya kliniki na kumbe ulishapona, umepoteza nini? Vidonge na nauli. Ukiacha na kumbe hujapona, unaweza kupoteza uhai.

Kuna atakayesema, "Pasta, hiyo ni kukosa imani." Lakini Yesu mwenyewe aliwatuma wale wakoma 10 wakajionyeshe kwa makuhani. Walitakasika wakiwa njiani, na bado kuhani alipaswa kuwaangalia. Uponyaji wa Mungu hauogopi kupimwa.

Tena, tahadhari si kungoja kila wakati. Mtoto akipata degedege, kungoja ndiko hatari. Mkimbize hospitali, maombi tutafanya njiani.

Wiki hii, kama unaamini umepona, rudi kliniki ukiwa bado unatumia dawa. Mwambie daktari uliombewa, upimwe, na yeye ndiye aseme kama dawa ziachwe. Kisha uje na majibu yako. Madhabahu iko wazi kwa ushuhuda.

Amina.