Nani apande mti asiouvuna?



Huku kwetu Igowole, Mufindi, ukimuuliza kijana kwa nini anapanda mti, hasiti: mlingoti ni nguzo, mpaina ni mbao. Mti ni benki, yaani unapanda leo, miaka ikipita unavuna, unajenga, unasomesha. Hapo sina ugomvi. Swali langu ni jingine: nani apande mti ambao hatauvuna? Ule wa stendi, wa sokoni, wa mjini ambako wanaopita hata hawajuani?

Aristotle aliona zamani kwamba kitu cha wengi ndicho kinachotunzwa kidogo. Sisi tunakiita shamba la bibi: kila mtu anachuma, hakuna anayepalilia. Ndiyo maana miji yetu inatanuka, na panapobaki uwanja wa wazi, kesho unakuta fremu za maduka.

Lakini Nairobi wapo waliokataa. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake walipanda miti 7 pale Kamukunji. Ikapona 2 tu. Wengine tungesema basi. Wao wakaendelea, na huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement, iliyowafanya akina mama wa kawaida waoteshe mamilioni ya miche. Mwaka 1989 ulipokuja mpango wa kujenga ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, mama huyu aliupinga kwa barua. Alidhihakiwa hadi bungeni, ila mradi ukaachwa. Januari 1999 alipigwa na kuumizwa kichwani alipokwenda kupanda miche katika msitu wa Karura, uliokuwa umeanza kugawiwa watu binafsi. Leo wakazi wa jiji wanatembea humo na watoto wao.

Mtu atasema: huo ni ukarimu tu, si wajibu. Ambaye hajazaliwa hawezi kunidai chochote. Hoja hiyo ina nguvu, tusiipuuze. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kuwa haki ni nia thabiti ya kumpa kila mmoja kilicho chake, na haki haisubiri mtu ajue kudai. Mtoto mchanga hajui kudai maziwa, na bado ni yake. Hewa, maji na kivuli tulivikuta, hatukuvilipia. Tukivimaliza, tumekula cha mwenzetu ambaye hajafika mezani. Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015) anaweka jambo hili wazi: kuwajali watakaokuja baada yetu si hiari, ni haki.

Sasa jamani, tusiishie kwenye picha. Siku ya kupanda tunajaa, tunapiga picha. Kamera ikiondoka wanakuja mbuzi. Upendo wa mti unapimwa kiangazi, mvua ikikata, ndoo ikiwa nzito na hakuna anayekuona.

Kwa hiyo, wewe uliye Igowole, Mafinga, Iringa au Mbeya: ongea na jumuiya yenu. Chagueni mti mmoja tu, mahali pa watu wote. Wekeni uzio, pangeni zamu ya kumwagilia. Ukikauka, pandeni mwingine.

Ee Bwana, uliyetukabidhi bustani tuilime na kuitunza, utujalie uaminifu hata pale ambapo hatutavuna sisi. Amina.

Frateri wenu, Igowole