Mfano Barazani
Katika baraza za Mji Mkongwe, Unguja, baada ya sala ya alasiri, dele la kahawa likizunguka na vikombe vikigongana, haikosekani mtu wa kudai kwamba binadamu hatendi jambo ila kwa manufaa ya nafsi yake. Na akitakwa dalili, humtaja tajiri atoaye sadaka hadharani ili asifiwe, kisha hunyamaza kana kwamba hoja imekwisha. Lakini dai liwahusulo wanadamu wote halithibitishwi na mifano mia, ilhali mmoja wa kinyume hulivunja, mathalan mtu aachaye kibaba cha mchele usiku mlangoni pa mjane, asijulikane na yeyote. Mdai atajibu, “Huyo ataka thawabu”. Na ukimletea asiyeamini Akhera afanyaye vivyo hivyo, atasema ataka raha ya moyo. Na dai lisilokubali kuvunjwa na mfano wowote, kwa rai yangu, halijatueleza lolote juu ya binadamu.

Wala jambo la kustaajabisha si dalili. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aeleza katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal ya kuwa lau mtu angedai tatu ni zaidi ya kumi, akaigeuza fimbo kuwa nyoka ili kulithibitisha, yeye angeustaajabia uwezo wake, lakini asingeitilia shaka ilimu yake mwenyewe ya hesabu. Barazani petu fimbo hizo ni tele: kisa cha kuchekesha hushangiliwa hata kisipoligusa suala, na mwenye hoja, maskini, huachiwa kikombe kilichopoa.