"Kila Mtu" Ni Nani?

Katika Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki, Odysseus anafungiwa pangoni na Polyphemus, jitu lenye jicho moja linalokula watu. Odysseus analidanganya kwamba yeye anaitwa Hakuna, kisha linapolewa analitoboa jicho. Jitu linapiga mayowe. Majirani wanakuja mbio kuuliza nani analiua, nalo linajibu: Hakuna. Wakaona hapana la kusaidia, wakaenda zao.

Kwa Kiswahili hila hiyo ingegonga mwamba. Jitu lingelia "Hakuna ananiua", na majirani wangeshtuka papo hapo, maana asiyeuawa na yeyote husema "Hakuna anayeniua". Silabi moja ingemfichua Odysseus. Kiingereza hakina kinga hiyo. Sarufi yake humpa "nobody" kitenzi kilekile cha umoja inachompa John: "John is here", "Nobody is here". John akiondoka, kiti chake kwenye sentensi hukaliwa na asiyekuwepo.

Basi hiyo "is" inamhesabu nani?

Swali hilo humkabili pia mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika "everybody are". Akilini mwake wamejaa watu wote, na watu wote ni wengi. Mwalimu anasahihisha: "everybody is". Mwanafunzi anaona ukaidi wa Waingereza tu, ilhali lugha yake mwenyewe inafanya vivyo hivyo. Husema "watu wote wamekuja", lakini "kila mtu amekuja". Umati ni uleule. Kilichobadilika ni namna ya kuuhesabu.

Wanamantiki wa Ulaya ya zama za kati waliichezea tofauti hiyo kwa fumbo. Mitume wote ni kumi na wawili. Petro ni mtume. Kwa hiyo Petro ni kumi na wawili. Kosa limejificha katika "wote", neno linaloweza kulibeba kundi zima kama mzigo mmoja au kumgusa mmoja mmoja. Idadi ya kumi na wawili ni sifa ya kundi, wala Petro hana mgawo wake humo. Weka "kila mtume" mahali pa "mitume wote" na fumbo linakufa, kwa kuwa hakuna atakayekubali kwamba kila mtume ni kumi na wawili.

Jibu kamili zaidi lilitoka Ujerumani mwaka 1879, katika kitabu kidogo cha mwanahisabati Gottlob Frege, na mwaka 1905 Bertrand Russell akalisogeza mbele katika makala aliyochapisha Uingereza. Kwa maoni yao, "kila mtu" si jina la kitu chochote. Kusema kila mtu hufa ni kusema hivi: chukua chochote utakacho, kikiwa ni mtu, basi hufa. "Hakuna mtu" nako ni hesabu ileile, ila kila jibu ni la kukanusha. Umoja wa kitenzi hauelekezi kwenye jitu kubwa liitwalo Kila Mtu, wala kwenye kivuli kiitwacho Hakuna. Unafuata hesabu inavyokwenda, mmoja baada ya mwingine.

Lakini mantiki haisemi nani aingizwe kwenye hesabu.

Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba maneno ya kiume katika sheria zake yawahusu na wanawake, isipokuwa pale itakapoelezwa vinginevyo. Mwaka 1867 likatunga sheria ya uchaguzi iliyompa haki ya kujiandikisha "every man" mwenye sifa zilizotajwa. Maelfu ya wanawake wa Manchester wakaziweka sheria hizo mbili pamoja na kudai kwamba wamo. Mwaka 1868, katika kesi ya Chorlton dhidi ya Lings, mahakama ilikataa: kwa majaji hao, wanawake walikuwa wamezuiwa na sheria ya kale kupiga kura, na sheria ya jumla kuhusu maneno haikutosha kuwaondolea kizuizi hicho.

Kitenzi cha umoja hakikuwa na kosa lolote. Kilimpitia kila mmoja aliyekuwa kwenye orodha, na orodha iliandikwa na wengine. Wanawake wa Uingereza walipata kura kwa masharti sawa na wanaume mwaka 1928, miaka 60 baada ya hukumu hiyo.