Kondoo, Hua na Unga

Masomo: Walawi 5:6–13, Luka 2:22–24, Luka 18:9–14



Jumapili moja, siku za mavuno zilipokaribia, tulitoka ibadani tukasimama chini ya mti nje ya kanisa, kama ilivyo desturi yetu hapa Mwigobero. Tulikuta wanaume kadhaa wakibishana. Mmoja wao hununua dagaa hapa mwaloni na kuwapeleka Kenya kwa njia ya Sirari. Alisema Wakenya wametupita kwa maisha, nawe ukivuka mpaka tu utaona. Kijana mmoja akakataa kabisa, akasema amesoma kwamba maskini wa Kenya ni wengi kuliko wetu. Sauti zikapanda. Mwishowe wakatugeukia wakasema, "Mwalimu, wewe umefundisha hesabu miaka mingi. Tuamulie."

Tulifurahi kuulizwa. Tukawaambia kwamba utafiti wa matumizi ya kaya wa Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya watu walikuwa maskini wa mahitaji ya msingi, na ule wa Kenya wa mwaka 2015/16 ulionyesha asilimia 36.1. "Basi hesabu ni hiyo," tukasema. Kijana akashangilia. Mfanyabiashara wa dagaa akanyamaza.

Wakati huohuo mama mmoja mjane alikuwa amesimama pembeni, akingoja kusema nasi. Tulimwashiria kwa mkono asubiri kidogo. Tulipomaliza kubishana alikuwa amekwisha kwenda zake.

Ndugu, siku ile tulikosa mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu, na la pili lilikuwa la moyo. Nalo lile la moyo ndilo lililozaa la hesabu.

Tuanze na hesabu. Kila nchi huchora mstari wake wa umaskini. Katika utafiti ule wa 2017/18, mstari wetu ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja, yaani kama shilingi 1,640 kwa siku, kwa chakula na mahitaji mengine yote. Aliyetumia chini ya hapo alihesabiwa maskini. Aliyezidisha shilingi mia moja alihesabiwa kuwa amevuka. Kenya nao walichora mstari wao, tena miwili, mmoja wa mashamba na mwingine wa mijini. Kulinganisha 26.4 yetu na 36.1 yao ni kama kupima debe la mtu mmoja na gunia la mwingine, kisha kusema nani amevuna zaidi kwa kuhesabu vyombo.

Benki ya Dunia, kwa upande wake, ilitumia mstari mmoja kwa nchi zote. Wakati ule ulikuwa dola 1.90 kwa siku, zikiwa zimesawazishwa kwa bei za kila nchi. Kwa mstari huo maskini wa Tanzania hawakuwa robo tena. Walikuwa karibu nusu, kama asilimia 49. Wa Kenya walikuwa kama asilimia 37. Watu ni walewale, na miaka ni ileile, lakini mshindi wa ubishi amegeuka. Mfanyabiashara wa dagaa hakuwa mjinga. Sisi ndio tuliomnyamazisha kwa haraka.

Tena liko jambo lililofichwa na asilimia. Tangu utafiti wa 2011/12 hadi ule wa 2017/18, asilimia yetu ilishuka kutoka 28.2 hadi 26.4. Hiyo ni habari njema. Lakini taifa liliongezeka kwa haraka, na hata mwaka 2018 watu kama milioni 14 walikuwa bado chini ya mstari ule. Asilimia ilishuka, lakini idadi ya watu wenyewe haikupungua.

Msidhani kwamba ubishi huu ni wetu sisi wa kando ya ziwa tu. Mataifa tajiri nayo hubishana vivyo hivyo. Marekani huchora mstari wao kwa njia iliyoanzishwa na mama mmoja mtumishi wa serikali, Mollie Orshansky, katika miaka ya 1960. Alichukua gharama ya chakula cha bei nafuu, akaizidisha mara tatu, kwa sababu familia za siku zile zilitumia kama theluthi moja ya mapato yao kwa chakula. Mstari huo hupandishwa kila mwaka kwa kufuata bei. Waingereza hufanya vingine. Wapange watu wa kaya 99 kwa foleni, toka maskini hadi tajiri, kisha uiangalie kaya ya 50, ile ya katikati. Mwenye kupata chini ya asilimia 60 ya mapato ya kaya hiyo huhesabiwa maskini.

Kwa vipimo vyao wenyewe, Marekani walikuwa na maskini asilimia 11.1 mwaka 2023, na Uingereza kama asilimia 21 mwaka 2022/23, baada ya kutoa kodi za nyumba. Mmarekani akitaka kujivuna, tayari ana tarakimu. Lakini wote wawili wakipimwa kwa kipimo kimoja, yaani nusu ya mapato ya kaya ya katikati, Marekani hufika kama asilimia 18, na Uingereza kama 12. Hapo Mwingereza naye hupata tarakimu yake. Yametukia kwao yaleyale yaliyotukia kwetu chini ya mti.

Wengine wetu hucheka wakisikia kwamba nyumba ya watu wanne iliyopata chini ya dola kama 31,000 katika mwaka 2023 iliitwa maskini huko Marekani. Husema, "Huyo ni tajiri, aje kwetu aone." Ni kweli kwamba kulala na njaa ni umaskini mzito kuliko mwingine, na wenye kulala hivyo wapo zaidi kwetu. Lakini mtu haishi kwa dola alizobadilisha benki. Anaishi kwa kodi ya nyumba ya pale, na baridi ya pale, na safari ya kwenda kazini pale ambapo hakuna basi. Upo umaskini wa tumbo, na upo umaskini wa kushindwa kusimama pamoja na majirani. Kipimo cha Waingereza kinajaribu kuushika huo wa pili.

Sasa tulisikilize Neno la Mungu, kwa maana Torati nayo ilichora mistari. Katika Walawi sura ya 5, mwenye kosa aliagizwa kuleta kondoo jike au mbuzi jike. Asipomweza, alete ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Na asipoweza hata hao, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga. Hiyo ni mistari miwili ya umaskini, ndugu zangu, iliyochorwa kabla ya takwimu zote tulizozitaja.

Angalieni ilichorwa kwa ajili gani. Haikuchorwa ili kabila moja lijilinganishe na jingine, wala ili mtu aandikwe kuwa maskini kisha aachwe nje. Ilichorwa ili asiwepo hata mmoja atakayeshindwa kuja madhabahuni. Na wote watatu, mwenye kondoo, mwenye ndege na mwenye unga, waliahidiwa msamaha uleule. Hakuna msamaha wa daraja la tatu. Tena katika sura hiyo hatusomi kwamba kuhani alitumwa kwenda kukagua nyumba ya mtu. Mwenye mkono usiofika alikuja na alichonacho.

Kisha tufungue Luka sura ya 2. Yusufu na Mariamu walipompeleka Mtoto hekaluni, sadaka inayotajwa ni ya ndege. Kwa sheria ya Walawi 12, hiyo ndiyo sadaka ya mama asiyeweza kondoo. Bwana wetu, basi, alizaliwa chini ya mstari. Kama makarani wangepita Nazareti wakihesabu maskini, wangeiandika nyumba yake.

Na yule Farisayo wa Luka 18? Yeye alitaja kufunga kwake mara mbili kwa juma na kutoa kwake zaka. Alichagua mwenyewe kipimo ambacho alijua atashinda, kisha akamtazama mtoza ushuru. Nasi tulipotaja 26.4 na kuiacha 49, tulifanya kama yeye. Hatukusema uongo, tulichagua kipimo. Tulitaka nchi yetu ishinde, na tulitaka tuonekane tunajua.

Hatusemi kwamba kuhesabu maskini ni dhambi. Pasipo hesabu, serikali haitajua zahanati ijengwe wapi, wala kanisa halitajua nyumba ipi imepungukiwa. Dhambi ni kuhesabu kwa ajili ya kujisifu, kisha kumpita aliyehesabiwa.

Yule mama mjane tulimfuata nyumbani kwake jioni ya siku ya tatu. Tulimwomba radhi, tukamwuliza alitaka kusema nini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nilitaka tu kuuliza kama unga wa muhogo unapokelewa. Ile fedha ya mavuno sina."

Ndugu, "ile fedha" tuliipanga sisi. Kamati ilikaa ikaweka kiwango kimoja cha mchango wa mavuno kwa kila nyumba, nasi tulikuwamo, tukanyosha mkono. Tulidhani usawa ni kila nyumba kutoa sawa. Mama yule chakula alikuwa nacho, na kwa mstari wa serikali pengine angehesabiwa amevuka. Lakini alikuwa ameanza kufikiri asije kanisani siku ya mavuno, asije akasomwa jina lake mbele ya watu katika wale ambao hawajamaliza. Tulichora mstari wetu, nao ulikuwa mlangoni mwa kanisa.

Kwa hiyo tumeiomba kamati ifanye kama Walawi. Kiwango kiwepo kwa wenye uwezo, wala wenye uwezo wasijifiche nyuma ya wajane. Chini yake kiwepo kingine, na chini ya hicho apokelewe mwenye unga, au mayai, au fungu la dagaa. Na orodha ya majina isisomwe tena. Tunawaomba ninyi mtuunge mkono katika jambo hili kabla ya mavuno kufika.

Na ubishi ukizuka tena chini ya mti, hatuwakatazi. Ulizeni tu maswali mawili: mstari huu umechorwa wapi, na umechorwa kwa faida ya nani? Kisha geukeni mtazame pembeni, kama hakuna mtu anayengoja kusema nanyi.

Mungu, aliyeupokea unga wa maskini kama alivyompokea kondoo wa tajiri, atufundishe kuhesabu kwa upendo. Amina.